Siku Niliyosoma Gizani

Kila nikipitisha vidole juu ya karatasi nzito, hunijia harufu ya sweta zenye unyevu na vumbi la chaki.

Ilikuwa siku ya wazazi katika shule yetu, juu ya mashamba ya majani chai. Mimi nilizaliwa sioni, na mwenyekiti wa wazazi alitaka nirudishwe nyumbani. "Huyu anachelewesha wenzake," alimwambia mama mbele yangu. Mama alinishika mkono tu, kiganja chake kigumu kwa kuchuma chai.

Mwenzangu mmoja alisimama darasani kutusomea, sisi na wazazi, hadithi ya fisi aliyetumbukia kisimani. Alipofika katikati, upepo wa mvua ukavuma, madirisha ya mbao yakafungwa haraka, naye akaacha kusoma.

"Mwalimu, sioni. Kumekuwa giza."

Shule haikuwa na umeme. Nikasimama na kurasa zangu za hadithi hiyo hiyo kwa nukta nundu za kusomwa kwa vidole, alizonitobolea mwalimu kwa mkono wake.

"Mwalimu, mimi naweza kuendelea."

Vidole vilipapasa mstari wa kwanza, kisha vikashika mbio. Nikasoma fisi akilia, nikasoma kamba ikikatika, na darasa likatulia hata nikasikia watu wakipumua. Mwisho wa ukurasa nikatua nivute pumzi.

"Usiachie hapo, mtoto wangu!" Ilikuwa sauti ya mwenyekiti. "Huyo fisi alitoka?"

Mama akaangua kicheko, nami nikafunua ukurasa uliofuata.