Mwalimu Aliyeuonyesha Mchanga Njia

Huko Tinzeggart, oasisi ya Gurara katika jangwa la Aljeria, mtu akitaka kujua nyumba ina umri gani huuliza imefukiwa na mchanga mara ngapi. Nyumba alimozaliwa Mebarka ilikuwa imefukiwa mara mbili na kufukuliwa mara mbili. Mamaye alifariki mapema, na babaye alikuwa kibarua wa visima vya gesi, akirudi nyumbani siku chache baada ya kila wiki sita. Kwa hiyo aliyemlea hasa ni shangazi yake, Kelthum, mwanamke mwembamba mwenye mikono migumu na ulimi mkali kuliko mikono. Kazi ya Kelthum ilikuwa kusimika nyua za makuti ya mtende pembezoni mwa mashamba, ili mchanga ukome hapo.

Mebarka alikuwa na kichwa cha hesabu. Alikwenda Oran kusoma fizikia, akakaa miaka mitano, akarudi akiwa amepakata kompyuta kuukuu iliyofungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Akaanza kufundisha sekondari. Wengine walimwonea huruma. Walisema, ukiwa na akili kama ile, utarudije kwenye mchanga?

Mwenyewe aliendelea kufundisha mpaka mwaka ule mchanga ulipofika kwenye dirisha la darasa lake. Mwaka uleule kilima kiliilalia barabara ya mashambani, na wenye mashamba kumi na sita wakawa wanazunguka kwa punda mwendo wa saa nzima. Hapo ndipo meya, Haj Barka, alipomleta mhandisi wa kampuni moja ya ujenzi kutoka kaskazini, jina lake Lotfi. Mhandisi akatembea nusu siku, akasema dawa ni ukuta wa saruji, mita tatu kwenda juu, kilomita mbili kwa urefu.

Mebarka aliposikia, aliona afadhali ukuta huo ujaribiwe kwanza kwenye kompyuta. Aliligawa jangwa kwenye skrini likawa vishimo vidogovidogo mfano wa vishimo vya bao, elfu na elfu. Kila kishimo alikipa idadi yake ya mchanga. Kisha akauwekea upepo masharti: ukivuma kwa nguvu hii uchote kiasi hiki hapa, uangushe pale, ukikuta kizuizi, upunguze mwendo. Akiibonyeza kompyuta, miaka ikawa inapita kwa dakika.

Siku ya kwanza programu ilipokubali kwenda, alimwita shangazi yake aje kuona.

"Hii nini, we mtoto?"

"Tinzeggart hii, shangazi. Hapa shule, hapa kwako, hapa msikiti."

"Msikiti uko wapi? Mbona siuoni?"

"Umefukiwa. Huo ni mwaka wa pili."

Kelthum alicheka mpaka akashika ubavu. "Msikiti una miaka mia tatu! Wewe umeufukia hata chai haijachemka. Huo upepo wako umeutoa wapi?"

"Uwanja wa ndege. Wanaupima kila saa."

"Basi waachie ndege. Wa kwetu unapita pale kwenye genge la mawe, unakatwa, unageuka. Muulize mwanamke yeyote aliyewahi kuanika nguo."

Mebarka alinuna. Lakini hasira zilipopoa, aliona kwamba maneno yale hayakuwa matusi tu. Kuanzia kesho yake akawa anapita nyumba kwa nyumba na daftari, akiuliza kamba za nguo zimefungwa kuelekea wapi, na mwezi gani shuka huruka upande gani. Akina mama walimcheka, kisha wakamwambia, tena kwa undani kuliko alivyotarajia. Mmoja alikumbuka upepo wa kila Jumanne ya kufulia. Halafu yeye na shangazi yake wakachomeka vijiti mia moja na ishirini kuuzunguka mji, kwa safu zinazotoka jangwani kuja mjini, na chini ya kila kijiti wakafukia kopo tupu la nyanya, mdomo juu, linase mchanga. Kila wiki walizunguka kuyamwaga makopo na kupima kilichomo kwa mizani ya tende. Miezi kumi na moja walifanya hivyo, juani na kwenye baridi, wakigombana njia nzima.

Programu ikaandikwa upya. Safari hii msikiti ulisimama kwenye skrini kama unavyosimama duniani.

Mebarka akataka ushahidi ambao mtu asiyejua kompyuta angeuona kwa macho yake. Mwanzoni mwa Februari alikwenda kwenye duka la Dahman, mahali wanaume wanapokunywa chai, akaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: *Tarehe ishirini Aprili, mchanga utafika kijiti cha tisa upande wa mashamba, na kijiti cha tatu upande wa shule.*

"Mwalimu," Dahman akauliza kwa sauti ya kusikiwa na wote, "siku hizi umekuwa mganga?"

"Mganga hakupi tarehe, Dahman. Mimi nimekupa."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea ucheke. Lakini usiufute ubao."

Ubao haukufutwa. Watu wakawa wanapita kwenye vijiti wakienda kuswali na wakirudi. Kijiti cha sita kikazama, cha saba, na kufikia Aprili kumi na tano, cha nane. Tarehe ishirini karibu mji mzima ulikwenda kutazama. Upande wa shule mchanga ulikuwa umekumbatia kijiti cha tatu barabara. Upande wa mashamba ulikuwa umesimama shubiri moja tu kabla ya kile cha tisa. Dahman alipiga magoti akapima kwa kiganja, akainuka anajikung'uta. "Shubiri," akasema. "Kwa jangwa zima, shubiri!" Siku hiyo chai ya dukani ilinywewa bure.

Sasa Mebarka akauweka ukuta wa mhandisi ndani ya kompyuta. Mchanga ukajaa mbele yake, ukapanda, ukajaa na nyuma yake, na katika dhoruba kubwa ya kwanza ukaufunika na kuyaangukia mashamba ukiwa kilima kizima. Akauondoa ukuta, akaweka nyua za makuti kama zile za shangazi yake, zikiwa zimekingama na upepo. Zilifanya vizuri zaidi, lakini nazo zilizama. Akazilaza mshazari, akabadilisha pembe mara arobaini hivi. Mwishowe mchanga ukafika kwenye ua, ukateleza ubavuni mwake, ukaenda kumwagika kwenye bonde tupu la kusini.

Kumwambia shangazi ndiyo ilikuwa kazi.

"Ua hukingama na upepo," Kelthum alisema. "Hivyo ndivyo alivyonifundisha mama yangu."

"Na baada ya miaka miwili unasimika mwingine juu yake."

Kelthum akaisogelea skrini. "Unataka kuniambia miaka thelathini nimekuwa nikijenga kilima?"

"Sikusema mimi, shangazi. Imesema kompyuta."

"Kompyuta haina mdomo. Umesema wewe." Akamtazama, akatabasamu upande mmoja. "Haya, nionyeshe tena hiyo pembe."

Kwenye mkutano wa baraza la mji, Lotfi alimsikiliza Mebarka kwa adabu, kisha akakunja ramani yake. "Dada yangu, saruji ni saruji. Haya ya kwenye skrini ni michezo."

"Mhandisi, daraja lako la mwisho ulilijenga kwanza ndipo ukaona kama litaanguka?"

"La. Nililipigia hesabu."

"Na mimi nimepiga."

Ukumbi ukaangua kicheko. Haj Barka, ambaye hakupenda kumuudhi mtu yeyote kabla ya uchaguzi, akaamua: kila mmoja apewe mita mia moja, na upepo wa Machi ijayo uwe hakimu.

Mafundi wa Lotfi wakajenga ukuta wao, mzuri, ulionyooka. Upande wa pili ukaitishwa msaragambo, kazi ya pamoja ya mji mzima. Watu walikuja na makuti mabegani, na sufuria za kuskusi vichwani, na Dahman akaja na birika tatu. Kelthum ndiye aliyekuwa amiri jeshi. "Pembe! Pembe!" alifoka huku akipita na kamba ya kupimia aliyopewa na Mebarka. "Anayesimika wake kwa kukingama na upepo aende kwa mhandisi akabebe saruji!"

Dhoruba ilikuja wiki ya pili ya Machi, ikakaa siku tatu. Watu walijifungia ndani na vitambaa vya maji kwenye nyufa za milango. Asubuhi ya nne kukawa shwari, mbingu nyeupe, na wote wakatoka.

Nyuma ya nyua za makuti, shamba la shayiri lilikuwa vilevile, kijani kibichi, hata mifereji ya maji haikuziba. Nje ya nyua mchanga ulikuwa umechora michirizi mirefu, yote ikikimbilia bondeni. Mebarka aliifuata michirizi ile kwa miguu mpaka mwisho. Ilipinda pale ilipopinda kwenye skrini. Akasimama, akacheka peke yake.

Lotfi alikuwa upande wa pili, akigeuka huku na huku juu ya mwinuko laini. "Ukuta wangu uko wapi?"

"Umesimama juu yake, mhandisi," Kelthum akamjibu.

Watu walicheka, na Lotfi, kwa heshima yake, akacheka nao. Akavua kofia. "Mwalimu," akasema, "hebu nionyeshe hilo bao lako."

Alikaa siku nne kwenye darasa la Mebarka, akiuliza maswali mazuri. Ni yeye aliyeuliza juu ya kile kilima kilichoilalia barabara: je, upepo ulioleta mchanga hauwezi kulazimishwa kuuondoa? Mebarka akajaribu. Aliweka juu ya kilima nyua zisizogusa chini, zilizoinuliwa juu ya nguzo. Kwenye skrini upepo ulibanwa pale chini, ukapita kwa kasi, ukaanza kukila kilima.

"Ua wenye miguu!" Kelthum alistaajabu. "Nimeishi nikaona." Lakini ndiye aliyezikata nguzo.

Hesabu ilisema siku ishirini. Ilichukua kumi na tisa. Kila asubuhi kilima kilikuwa kimepungua, kikavuta moshi wa mchanga kileleni, kikapungua tena. Waliteremsha nyua kadiri kilivyoshuka. Siku ya kumi na tisa lami ikachomoza, na katikati yake ule mstari mweupe ambao watoto wadogo wa Tinzeggart hawakuwahi kuuona.

Alhamisi iliyofuata palikuwa na harusi. Bibi harusi alitoka upande wa mashamba, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu gari lilimleta moja kwa moja kwa barabara, honi mtindo mmoja. Msafara ulipofika mbele ya shule ulisimama, ingawa haikupangwa hivyo. Akina mama wa kamba za nguo walishuka wakamzunguka Mebarka, wakapiga vigelegele kwa ajili yake, mwalimu wa hesabu mwenye chaki mikononi. Akaziba uso kwa mikono yote miwili, akabaki na uso mweupe wa chaki, na vigelegele vikazidi.

Kilomita mbili za nyua za mshazari zilikamilika kabla ya mwaka kwisha. Lotfi aliandika ripoti, na jina la kwanza aliloweka halikuwa lake. Mebarka bado anafundisha, ila likizo zake si zake tena. Oasisi saba zimekwisha kuwaita, yeye na shangazi yake, na kila waendako huanza na makopo ya nyanya. Juzi, kwenye mji mmoja wa kusini, kijana mmoja wa baraza alimuuliza Kelthum yeye ni nani katika msafara ule.

"Mimi?" Kelthum akasema. "Mimi ndiye ninayeikosoa kompyuta."

Kisha akamtwika kijana mzigo wa vijiti, akamwonyesha aanzie wapi.