Doa Langu Ukutani

Hadi leo nikirudi Rumonge na kusikia harufu ya mise zikikaangwa, mikono yangu hukimbilia nyuma ya mgongo bila kuniuliza. Mise, kwa asiyezijua, ni kokwa za chikichi. Nyama ya nje hutoa mawese ya kupikia. Kokwa zenyewe zikikaangwa na kutwangwa hutoa mafuta meusi, mazito, ambayo kwetu hupakwa ngozi. Mtoto aliyepakwa mise hung'aa, na hunuka moshi mpaka Jumapili nyingine.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilitaka kitu kimoja tu duniani: kuingia timu ya basketi ya wasichana wa shule yetu, iliyokuwa iende kucheza Bujumbura. Kochi Egide alitangaza kwamba safari hii hachagui kwa macho. Tutapimwa uzito, tutapimwa mbio za kwenda na kurudi kwa filimbi, na mwisho tutapimwa kuruka. Asiyefikisha sentimita thelathini, abaki nyumbani asaidie kuanika ndagala, wale dagaa wa ziwani.

Kosa langu lilikuwa kumwambia Mama kwamba nakwenda kupimwa. Aliacha kila alichokuwa akifanya, akaniita uani na chupa yake ya mafuta.

"Mutoto wangu hawezi kupimwa na ngozi ya majivu," alisema. "Watasema kwetu iko njaa."

Alinipaka kuanzia paji la uso hadi vidole vya miguu, na vya mikono hakuvisahau. Nilinung'unika, lakini kwa Mama manung'uniko yalikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Mizani ilisema kilo thelathini na nane. Mbio nilizimaliza bila kutapika, jambo ambalo si wote waliweza kujivunia. Ikabaki kuruka. Ulichovya vidole kwenye unga wa chaki, ukasimama kando ya ukuta wa saruji, ukaruka na kuugusa juu kadiri ulivyoweza. Kisha Kochi alipanda benchi na futi yake ya fundi, akapima kutoka pale mkono wako ulipofika ukiwa umesimama hadi kwenye alama nyeupe.

Niliruka. Niliusikia ukuta kabisa chini ya vidole vyangu.

"Alama iko wapi?" Kochi aliuliza.

Nikaruka tena, sasa kwa hasira. Hakuna alama.

"Wewe umesalimia upepo," alisema, akaandika sifuri. Wenzangu waliangua kicheko. Nilikwenda kukaa pembeni nikalia waziwazi, maana Bujumbura ilikuwa imeniponyoka na sikujua kwa nini.

Kochi alikuwa akimpima msichana wa pili baada yangu alipopaza sauti kutoka juu ya benchi: "Nani amepaka ukuta wa shule mafuta?"

Machozi yalikauka papo hapo. Ukuta ule direkta, mkuu wa shule, alikuwa ameupigisha lipu juzi juzi tu! Nikaficha mikono. Kochi alitupanga mstari, akatunusa vidole mmoja mmoja, kama mama anayechagua samaki sokoni. Alipofika kwangu alifumba macho.

"Mise," alisema.

Nilisubiri fimbo. Badala yake alicheka mpaka filimbi ikamdondoka. "Hata mimi mama alikuwa ananipaka hivi hivi!" Chaki ilikuwa imekunywa mafuta na kugeuka rangi ya saruji, mtu wa chini hakuweza kuiona. Akapanda tena, akapima doa langu: sentimita thelathini na tatu. Akaifuta sifuri. Siwafichi, niliketi chini hapo hapo na ngozi yangu ikazoa vumbi lote la uwanja.

Nilikimbia hadi nyumbani. "Mama, nimeingia timu!"

"Sawa. Lakini bamekupima kilo ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Thelathini na nane," alirudia taratibu. Kisha akaketi kwenye kizingiti, akacheka huku akijifuta macho na kitenge. Niliudhika sana. Nilidhani haelewi chochote kuhusu basketi, na kwa hilo sikukosea.

Nilikuwa mtu mzima mama mdogo aliponieleza. Walipokuwa wakimbizi Tanzania, upande wa Kigoma, Mama akiwa na umri wangu wa siku ile, yeye ndiye aliyembeba mgongoni kitinda mimba wao kila wiki kumpeleka kwenye mizani ya kambi. Kila wiki namba ilishuka kidogo, hadi ikafika wiki ambayo hapakuwa na mtoto wa kupeleka. Mama hajawahi kunisimulia habari hizo, na mimi sijamuuliza.

Kumbe siku ile nilifika nyumbani na habari njema mbili, na mimi niliijua moja tu.