Mchezaji Huru wa Kiti cha Mlangoni

Namba sita wa timu yetu ya wageni alipohamia Cape Town kufuata kazi, tulibaki na pengo katikati ya uwanja na wachezaji huru wawili waliotaka kuliziba. Mmoja alikuwa Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani Hillbrow, mtu mkimya ambaye mpira ulimtii. Wa pili alikuwa wa Tanga, muuza kofia Marshalltown, ameishi Johannesburg miaka mingi. Huyu alikimbia pale tu mpira ulipomfuata miguuni. Ila Kizulu alikiongea hadi wenye lugha yao wakamuuliza yeye ni wa ukoo gani.

Mimi ni golikipa. Katika timu yetu kuna desturi: mchezaji mpya akishajaribiwa, tunakaa pembeni ya uwanja na chai ya tangawizi, kila mtu anasema lake, na kipa husema mwisho, maana yeye ndiye anayeuona uwanja wote. Nikasema bila kupepesa macho: Mkongo. Sikuona hata cha kujadili. Yule wa Tanga, nikawaambia, anacheza kama bwana harusi anayeogopa kuchafua viatu.

Watu walicheka. Mwenyekiti wetu, mzee wa Dar mwenye duka Rosettenville, hakucheka. "Mwanangu, ya uwanjani nimekuelewa. Ya njiani je? Nani atatusemea?"

Siku zile kulikuwa na makundi ya wenyeji wasiotaka wageni, yakisimamisha kombi, yaani daladala za huku, kwenye barabara za kusini mwa jiji, yakidai vitambulisho na kuwapima watu lugha. Mtu anakuonyesha kiwiko chake, anakuambia ukitaje kwa Kizulu. Ukibabaika, umekwisha. Jirani yangu alirudi na taya lililovunjika, na karatasi zake zilikuwa halali kabisa. Nilikuwa naogopa. Hata mkate wa dukani niliununua kwa kunyoosha kidole tu, nisisikike nikiongea.

Basi wa Tanga akachaguliwa. Mkongo alikunja soksi zake taratibu, akasema, "Haina shida, bandugu. Miye najua kucheza tu, kuongea hapana." Akaondoka kwa miguu, mfuko begani. Nilisikitika, lakini pia moyo wangu ulitulia kidogo, na hilo liliniudhi zaidi.

Jumapili iliyofuata tulicheza ugenini. Tulifungwa vibaya, na mabao yote yalipitia palepale alipotakiwa kusimama namba sita. Nilimfokea mpaka koo likakauka. Yeye alikuwa ananijibu "Sharp, kaka, sharp," yaani sawa, na bado hasogei. Kwa mpira tulikuwa tumekosea, hata kipofu angeliona hilo.

Wakati wa kurudi, mwenyekiti alimkalisha kwenye kiti cha mlangoni, mimi nyuma yake. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Walitusimamisha kwenye robot, taa za barabarani zikiwa nyekundu. Wanaume wenye fimbo waliizunguka kombi, mmoja akaufungua mlango kwa nguvu. "Nivelaphi?" Mnatoka wapi. Wa Tanga akateremsha mguu mmoja, akacheka, akawaita ndugu zake, akasema sisi ni timu, tumefungwa, watuonee huruma. Kizulu kilimtoka kama alizaliwa nacho. Wawili wakacheka naye. Wa tatu hakucheka. Alinitazama mimi, akakunja mkono, akagusa kiwiko chake.

Neno nililijua. Nililijifunza siku nyingi, nikilirudia bafuni. Likanitoka kichwani lote, sikubaki na hata herufi.

"Huyo bubu," wa Tanga akasema kwa Kizulu, bila hata kugeuka. "Ni bubu tangu kuzaliwa. Ndiyo maana tumefungwa, yuko golini na hawezi kuita mabeki. Hamjaona matokeo?"

Wakaangua kicheko, hata yule wa tatu. Mimi nikatoa sauti ya ajabu kooni, na sikuwa naigiza. Mlango ukafungwa. Taa ikawa kijani, dereva akaondoka.

Ndani ya kombi watu walipumua, wakampigia makofi. Mtu akasema, "Eish, leo bubu wetu angeliwa!" Mwenyekiti akainama mbele, akampigapiga wa Tanga begani: "Unaona? Tulichagua vizuri." Nami, niliyemtaka Mkongo, nilikuwa nakubali kwa kichwa. Wakati ule ningemwachia atufungishe mabao mengi kadiri apendavyo.

Wa Tanga hakugeuka. Nilidhani anajidai. Kisha nikaona shati lake limelowa mgongo mzima, na goti lake linagonga mlango, linagonga, haliachi.

"Nyinyi wakiwakamata, mtapigwa," alisema taratibu, macho yakiwa barabarani. "Mimi nimekaa nao, nimewaita ndugu, nimecheka nao. Siku wakijua nimewadanganya kwa lugha yao wenyewe, mnadhani wataishia kunipiga?"

Makofi yalikwisha. Mwenyekiti akaurudisha mkono wake mapajani.

"Na mimi nina watoto," akaongeza.

Mbele yetu kulikuwa na robot nyingine, na kando yake watu wamesimama, hatukuweza kujua ni watu gani. Kombi ilikuwa na viti vitupu nyuma. Hakuna aliyemwambia ahamie huko, hata mimi.