Majembe ya Buluu

Moffat alipostaafu ukarani wa stoo katika kiwanda cha chai, alirudi nyumbani Gakindu na tabia zake zote za stoo. Kwanza alipanga vikombe kabatini kwa ukubwa. Kisha akawapangia kuku mahali pa kutagia, na kuku, kwa kuwa hawajawahi kuajiriwa, wakakataa. Mkewe Nduta alimvumilia. Mzee wa watu alikuwa anatafuta kazi ya kufanya, ingawa mwenyewe angelikana hilo mbele ya kanisa zima.

Fundi wa boma hilo alikuwa Nduta. Nyuma ya jikoni alikuwa na kibanda cha mabati, humo akinoa majembe na mashoka ya majirani na kuyatia mipini mipya. Machoni pa Moffat kibanda kile kilikuwa vurugu tupu. Jembe limeegemea huku, shoka kule, tupa imechomekwa penye tundu la ukuta. Kila akipita alijikuna kichwa.

Mwezi Machi binti yao Sophie akajifungua huko Kiriaini, na Nduta akaenda kumtunza. Hata vumbi la pikipiki iliyombeba halijatulia, Moffat alikuwa ameshashika nyundo.

Alipigilia mbao ukutani, akaweka misumari, akatundika kila kitu kwa urefu wake. Nje, chini ya mabati, kulikuwa na rundo la majembe yasiyo na mipini. Hayo alijua ni ya watu, hakuyagusa. Ya ndani, yenye mipini mipya myeupe, akayahesabu kuwa ya nyumbani. Mwingine angejiuliza boma la watu wawili linataka majembe mangapi. Moffat alijisifu tu kwamba alioa mwanamke mwenye akiba.

Halafu akafungua mkebe wa rangi. Huko kwao kila boma lina rangi yake, ya kutia alama kwenye sufuria na majembe, ili vitu visipotee watu wakikutana kwenye harusi au kuchimba kaburi. Rangi ya kwao ilikuwa buluu. Akapaka mpini baada ya mpini mpaka mkebe ukalia utupu. Alipomaliza alivuta kigoda akakaa kutazama, na kwa kweli alifurahi kuliko siku aliyokabidhiwa saa ya kustaafu.

Nduta alirudi Jumapili jioni. Akasimama mlangoni mwa kibanda, leso ya kichwani bado imejaa vumbi la njia.

"Baba Sophie," akasema polepole, "vitu za watu ziko wapi?"

"Ziko nje. Sikugusa hata moja."

"Hizo za nje bado sijatengeneza. Hizi za ndani ndio za watu. Kesho wanakuja kuchukua, mvua inakaribia."

Hapo ndipo Moffat alipoelezwa ile vurugu. Nduta aliegemeza kila chombo kwenye ukuta unaotazama nyumbani kwa mwenyewe. Vya Hezekiah upande wa mtoni, vya mama Ngendo upande wa barabara. Hakuwahi kukosea, wala kupoteza kitu cha mtu, na kwa hilo jina lake lilifika hadi Mukurweini. Majuto ni mjukuu, na mwezi huo Moffat alikuwa amepata wajukuu wawili.

Asubuhi aliyapanga majembe yote kwenye nyasi mwenyewe, kichwa chini. Hezekiah alikuwa wa kwanza kufika.

"Ati yote ni ya Nduta sasa?"

"Ni makosa yangu," Moffat akasema. "Fundi hakuwa nyumbani. Angalia chuma, mzee, pengine utajua yako."

Hezekiah akainama. "Hii hapa. Iliuma jiwe huko kwa kahawa, ikavunjika sikio, hapa kwa pembe." Mama Ngendo alilijua lake kwa jinsi lilivyolika upande mmoja, kwa kuwa yeye hulima kwa mkono wa kushoto. Mmoja mmoja wakainua, wakacheka, wakaondoka na mipini ya buluu. Moyo wa Moffat ukaanza kushuka mahali pake.

Likabaki jembe moja.

"Hii ni ya nani?" Moffat akauliza. "Mwenyewe hajakuja."

Nduta akaligeuza. Chuma chake kilikuwa bado na rangi nyeusi ya dukani, hakijaonja udongo hata kidogo.

"Mwenyewe amekuja tangu Desemba," akasema. "Si ulinunua ukistaafu, ukaniambia nitie mpini ndio uanze kulima?"

Hezekiah, aliyekuwa langoni, alishika nguzo ili acheke vizuri. Moffat naye akacheka, masikio yakimwaka. Akalitwaa jembe lake, akashuka shambani kwenye migomba, akalima mpaka akaitwa chakula.

Jioni aliliosha matope. Msumari wake ulikuwa ukutani ukimngoja, akaupita, akaliegemeza jembe kwenye ukuta unaotazama nyumba yao.