Kumwandika Mkwe kwa Kiingereza

Jioni ile nilichelewa darasa letu la Kiingereza la watu wazima, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu: kando ya baba wa mchumba wangu. Heri ningekaa dirishani kama kuku. Kwetu Singida mkwe humsogelei hivyo, hata kabla hajawa mkwe. Na huyu alikuwa hajasema kama posa yetu ataipokea. Jumamosi wazee wangu walikuwa waende kwake kuposa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Basi. Alikuwa na mashine ya kukamua alizeti, na uso wake nadhani ulikamuliwa humo humo.

Mwalimu wetu, binti mdogo kuliko karibu sote, alipitisha kopo lenye vikaratasi vya maneno ya wakati. Unachota neno, unaandika ubaoni sentensi ya Kiingereza, ya kweli, kuhusu jirani yako wa dawati. Mimi nikachota "never", yaani kamwe. Mkono una laana huu!

Kitu gani mzee huyu hafanyi kamwe? Kilikuwa kimoja, na darasa zima lilikijua. Nikaandika: "He laughs never."

"Neno lako litangulie kitendo," mwalimu akasema. "Futa, andika tena. Kubwa, wa nyuma waone."

Nikaandika herufi kubwa kama ng'ombe: "He never laughs."

"Kasema nini?" mzee akauliza.

"Kwamba hucheki kamwe, baba," mwalimu akamtafsiria.

Mtu nyuma akapaliwa na kicheko. Jasho lililonitoka lingeongeza kina cha Ziwa Kindai. Mzee akainuka, akachota kikaratasi chake, akaenda ubaoni polepole kama anapanda mlima.

"Mkwe wa kiume Waingereza wanamwitaje?" akamuuliza mwalimu.

Mwalimu akamtajia. Mzee akaandika: "He is not my son-in-law." Huyu si mkwe wangu. Akaweka chaki, akarudi kuketi.

Nikaiona posa imekufa, imezikwa, na matanga yameanuliwa.

"Baba, mbona neno lako hujaliandika?" mwalimu akauliza.

"Si ulitufundisha kwamba hili linakaa mwisho?"

"Mwisho wa sentensi, baba. Si mwisho wa kipindi."

Akarudi ubaoni. Chaki ikalia. Mwishoni kabisa akaongeza "yet". Bado.

Alipoketi hakunitazama. "Waambie wazee wako waje asubuhi," akasema, akipangusa vidole. "Mchana nipo mashineni."