Dhahabu Nyekundu ya Modesta

Modesta Malimi alikuwa mtu wa maabara katika zahanati ya mtu binafsi pale Mkolani, nami nilikuwa muuguzi chumba cha sindano. Zahanati za namna hiyo zilichipuka kama uyoga serikali iliporuhusu watu binafsi kutibu. Yetu ilikuwa na rangi mpya nje, na ndani darubini yenye ukungu kwenye lenzi. Mwenye zahanati alipoambiwa, alijibu kwamba wagonjwa hawaji kuangalia darubini. Basi kila mwenye homa akawa ana malaria.

Mwanzoni mwa 1998, mvua za El Nino zikiwa hazijakatika, watafiti walituletea boksi la vipimo vya karatasi iliyobandikwa kwenye plastiki ili tuvijaribu. Unadondosha tone la damu, unasubiri robo saa. Mstari mmoja mwekundu, kipimo ni kizima lakini malaria hakuna. Miwili, malaria ipo. Wiki ya kwanza tu, mtoto mmoja wa Nyegezi alitoa mstari mmoja. Modesta akashikilia kwamba homa ile si malaria, mtoto akakimbizwa hospitali kubwa, kumbe ni homa ya uti wa mgongo. Akapona. Tangu siku hiyo Modesta alitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Watafiti walikuwa wamemweleza ule wekundu unatoka wapi, naye hakuweza kunyamaza nao. Jumapili moja tulikuwa kwake tunakula ugali na sato, pamoja na mdogo wake Chenge, aliyekuwa amerudi mikono mitupu kutoka machimbo ya upande wa Geita.

"Ule mstari mwekundu ni dhahabu," Modesta alisema.

Chenge akarudisha tonge kwenye sahani. "Dhahabu ipi, dada?"

"Hiyohiyo mnayochimba. Ila imefanywa chembe ndogo, hata darubini nzima haizioni. Chukua unywele mmoja, uupasue mara elfu mbili, unene wa chembe ndiyo huo. Dhahabu ikifikia udogo huo haiwi njano tena, inakuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Sasa kila chembe imebandikwa kitu cha kunasa malaria. Damu ikiwa nayo, chembe zinakwama pale kwenye mstari wa pili, zinarundikana, ndipo jicho linaona. Watafiti wanasema iko siku chembe za namna hiyo zitapeleka dawa mpaka ndani ya uvimbe wa saratani, na nyingine zitasafisha hata maji ya ziwa hili."

"Na kipimo kimoja kina dhahabu kiasi gani?"

"Kidogo mno. Maboksi hamsini hayafikishi punje ya ulezi."

Lakini mchimbaji ukishamtajia dhahabu, masikio yake yanazibika hapohapo.

Jumamosi iliyofuata Chenge alikuja zahanati kumsalimia dada yake. Mgonjwa mmoja akaanguka barazani, tukatoka mbio kumshika, Chenge akabaki maabara peke yake. Jumatatu asubuhi alirudi amembeba binti yake Winnie, miaka minne, anawaka homa na kutapika. Modesta akafungua kabati. Boksi la vipimo halikuwepo.

"Chenge, juzi ulimwona mtu humu ndani?"

"Sikumwona, dada." Alisema hivyo huku anatazama sakafu.

Daktari wetu alisema kwa mvua zile homa ni malaria, mtoto achomwe kwinini. Modesta akasema shingo ya mtoto haimridhishi, ni kama inakaza, apelekwe hospitali.

"Kipimo chako kinasemaje?" daktari akamuuliza.

Modesta akalifunga kabati tupu. Sindano nilimchoma mimi, kwa mkono huu huu, na mpaka leo sijajisamehe. Jumanne mchana shingo ya Winnie ilikuwa imekakamaa, haikunjiki. Hospitali walikotupokea walifanya walichoweza, lakini uti wa mgongo ulikuwa umemtangulia kila mtu. Alifariki Jumatano.

Baada ya mazishi Chenge alimwita dada yake nyuma ya nyumba. Nilikuwa palepale naosha masufuria, nikasikia yote. Alikuwa ameshika karai lenye jivu jeusi, limegandana na plastiki iliyoyeyuka. Vipimo alivichoma vyote Jumamosi ileile, akalisugua jivu kwa zebaki ili inase dhahabu, kama walivyozoea machimboni, asiambulie kitu. Nilimchukia. Nilitaka kumpiga na sufuria nililolishika, na kilichonizuia ni msiba tu.

"Dada," alisema, "dhahabu ilikuwepo kweli?"

Modesta aliinama juu ya karai.

"Ilikuwepo. Hata sasa imo humo." Akaligusa lile jivu kwa ncha ya kidole. "Ungeniachia kimoja tu, Chenge. Kimoja."

Chenge akakaa chini kwenye tope, karai mapajani, akaanza kulichambua jivu kwa vidole, akitafuta hata kimoja ambacho hakikuungua.