Siku Wageni Wangu Walipomwambia Chefu "Alo"

Hili nalisema nikiwa nimeinamisha uso, maana hapa Likasi kuna watu ambao mpaka leo wakiniona sokoni wanaweka kiganja sikioni na kusema "alo", nami nacheka nao kwa kuwa sina la kufanya.

Mimi ni kiongozi wa watalii, kazi mpya mjini kwetu, ambako mgeni akija watu hudhani amefuata shaba tu. Mbele ya Kambove kuna maporomoko ya maji, lakini huyafikii bila ruhusa ya chefu, yaani mkuu wa kijiji, na miezi mitatu mizima nilikuwa nikienda kuwabembeleza wazee wake mpaka wakakubali nilete kundi moja la majaribio. Likiharibika, njia inafungwa. Nikawapata Wabelgiji saba, walimu wastaafu, watu wasikivu sana (kumbe usikivu wao ndio utakaoniponza).

Tulipofika, Papa Ilunga, dereva wetu, akaniambia, "Nadège, acha ile telefone mu motoka." Nikamwona mzee hajui mambo. Tangu asubuhi nilikuwa nikirusha picha za safari na kuchungulia nani kazipenda, basi nikaitia mfukoni tu. Kwetu chefu husalimiwa kwa kupiga magoti na makofi ya taratibu, na wageni wangu hawakujua lolote la hayo, kwa hiyo nikawaambia kwa Kifaransa: chochote nitakachofanya, nanyi fanyeni vilevile, msiniulize.

Tukapiga magoti. Makofi yakaanza vizuri, chefu akawa anaitikia kwa kichwa, ndipo telefone ikalia, na mkono wangu (naapa sikuutuma) ukaitoa na kuiweka sikioni, nikasema, "Alo?"

Nyuma yangu sauti saba zikasema, "Alo?"

Alikuwa mdogo wangu, anauliza mafuta ya kupikia yako wapi. Nikageuka, nikawakuta wote wako magotini, telefone sikioni, wametulia kama wako kanisani. Nikatikisa kichwa kuwakataza, wakatikisa. Nikaziba mdomo kwa aibu, wakaziba. Jasho likanitoka, kwa sababu wazee walikuwa wameshaanza kusimama.

Chefu akasema polepole, "Mama, mu ile telefone muko chefu mukubwa kupita miye?"

"Hapana, chefu. Pardon. Aba bageni habana kosa, nilibaambia bafanye yote yenye miye nafanya."

Akanitazama, akawatazama wao na mikono yao midomoni, mabega yake yakaanza kutikisika, kisha akacheka mpaka mzee mmoja akamshikia fimbo. "Basi weye fanya muzuri," akasema, "nabo batafanya muzuri."

Nikaiweka telefone kwenye mkeka, mbali nami. Zikafuata saba. Tukaanza upya.

Kwenye maporomoko hakuna aliyepiga picha (telefone tuliziacha kulekule). Mama mmoja wa Kibelgiji alikaa juu ya jiwe, miguu majini, akaniambia hakumbuki mara ya mwisho alipotazama kitu kwa macho yake tu. Nami niliyekuwa nimeshakwenda pale mara nne, ndiyo kwanza nikawaona mbayuwayu wanaoingia na kutoka nyuma ya maji, nikaona haya na furaha kwa pamoja.

Tangu siku hiyo nimeapa: nikiongoza watu, telefone inabaki garini. Na njia haikufungwa. Tulipoaga, chefu aliniambia, "Leta bengine, mama. Lakini ukuye na mikono yote mbili ya makofi."